Kocha Asiye na Mtoto

Kuanzia Jumatatu ile ya mwaka 1999, mapenzi ya mzazi kwa mwanawe yalipigwa marufuku katika komini yetu hapa Gisenyi, ndani ya mistari ya uwanja wa mpira na mita kumi nje yake. Tangazo lilisomwa sokoni kwa kipaza sauti, kati ya bei ya viazi na habari za mbuzi aliyepotea. Wananchi walilipokea kwa utulivu, maana wengi walikuwa wanamsubiri yule mbuzi.

Mwenye tangazo alikuwa Bwana Kimenyi, mkuu wa Ofisi ya Vijana, Michezo na Mambo Yanayofanana na Hayo. Kimenyi alizaliwa na kukulia ukimbizini Bukoba, akarudi nchini na Kiswahili kilichopigwa pasi na imani kwamba hakuna tatizo lisiloweza kuundiwa kamati. Alikuwa na mke, Connie, na mtoto mmoja wa miaka kumi na miwili, Niyonshuti. Marufuku yote ilianza na huyo mtoto.

Niyonshuti alikuwa katika timu ya ufukweni, iliyofundishwa na Mukabalisa, mama muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Timu ilikuwa na wachezaji kumi na wawili. Kumi na mmoja walicheza, na yeye alikaa benchi, yaani juu ya mtumbwi uliopasuka. Kimenyi alipofanya uchunguzi, aligundua jambo la kutisha: wale kumi na mmoja wote walikula na kulala nyumbani kwa Mukabalisa. Upendeleo mtupu. Kwamba Niyonshuti, kila mpira ulipomjia, alifumba macho na kuinua mguu usiohusika, halikuingizwa katika uchunguzi.

Fainali dhidi ya Bugeshi ilikuwa Jumapili, na Bwana Prefe, mkuu wa mkoa mzima, angekuwapo. Kimenyi alikuwa na ndoto moja tu maishani: asimame karibu na Prefe, mtoto afanye la maana uwanjani, naye aseme kwa sauti ya kawaida, "Yule ni wangu." Kwa ajili ya maneno hayo matatu angeweza kupindua serikali, kama asingekuwa ameajiriwa nayo.

Kamati ya Kung'oa Upendeleo wa Damu Viwanjani ilikuwa na watu watatu: Kimenyi, msaidizi wake Karekezi, na dereva. Ikafunga safari hadi uani kwa Mukabalisa.

"Mama," alisema Kimenyi, "kwa mujibu wa agizo, utuoneshe kati ya watoto hawa ni yupi uliyemzaa."

Karekezi alitazama viatu vyake. Miaka ile ya baada ya vita, hapa Gisenyi, swali hilo halikuulizwa. Watoto wengi walikuwa wamefika katika nyumba walizomo kwa njia ambazo hakuna aliyetaka kuzisimulia, na hata majirani wenye ndimi ndefu walikuwa wamejifunza kuongeza sahani na kufunga mdomo.

Mukabalisa hakuinua macho kwenye beseni lake. "Bote ni bangu, chef," alimjibu mkuu.

"Wote kumi na mmoja? Na wanaolingana umri? Mama, kamati inataka wa kuzaa."

"We kula sambaza, chef. Iko moto bado. Ukimaliza, uende."

Hapo mtu mwingine angeona haya. Kimenyi aliona kifungu. Kwa kuwa mama mwenyewe amekiri watoto wote ni wake, kamati iliamua, basi ana upendeleo mara kumi na moja, na haruhusiwi kufundisha. Sambaza walizila, lakini kwa niaba ya ofisi.

Ikabaki kutafuta kocha asiye na mtoto wala udugu na mchezaji yeyote. Karekezi alikuwa na watoto sita. Dereva alikuwa na wanne anaowajua. Padri alikataa, akisema amebatiza nusu ya timu na nusu nyingine anaisubiri. Baada ya kuchuja mji mzima, alisalia mtu mmoja tu mwenye sifa zote, isipokuwa kwamba alikuwa baba yake Niyonshuti.

Tatizo dogo, maana kamati ilikuwapo. Ilipigwa kura kwamba Niyonshuti si mtoto wa Kimenyi mpaka filimbi ya mwisho ya fainali. Walioafiki watatu, waliopinga hakuna. Connie hakuitwa, kwa kuwa ushahidi wa mama mzazi huwa wa upande mmoja.

"Sasa baba yangu ni nani?" aliuliza Niyonshuti jioni ile, mkate ukiwa mdomoni.

"Kwa sasa nafasi iko wazi," alisema Kimenyi. "Usijali, ni utaratibu tu."

Wiki nzima akamfundisha kwa bidii. Hakumfundisha kupiga mpira, muda haukutosha. Alimfundisha kujibu.

"Ukiulizwa, huyu ni baba yako?"

"Hapana, mkubwa. Ni kocha."

"Usitabasamu. Tena."

"Hapana, mkubwa. Ni kocha."

Niyonshuti, ambaye hakuwahi kuusimamisha mpira kwa mguu, alilishika jibu hilo barabara. Kimenyi alijivuna kwelikweli.

Jumapili ikafika. Kimenyi alisimama mstarini kwa suti. Mukabalisa alikaa majanini, nje ya zile mita kumi, akiuza sambaza, na Connie akakaa naye. Watoto walimtazama Mukabalisa. Akikuna kichwa walipanda, akifunika beseni walirudi nyuma. Kocha halali alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyegeuka.

Dakika zikayoyoma, bila bila. Ndipo Kimenyi akamwingiza mwanawe, samahani, akamwingiza mchezaji wa kumi na mbili. Ikapigwa kona. Niyonshuti alikuwa amegeuka kumtazama baba yake ili ajue akimbilie wapi, na mpira ukamgonga kisogoni ukaingia wavuni.

Kimenyi akasahau ofisi, akasahau kamati. Aliingia uwanjani mbio, machozi yakimtoka, akamnyanyua mtoto juu mbele ya Prefe. "Huyu ni wangu, Bwana Prefe. Mwanangu huyu. Nimemzaa mimi."

Hamdani, kocha wa Bugeshi na dereva wa lori la viazi, akasogea taratibu.

"Chef, mi mutoto yangu nimemuacha ku nyumba analia, juu ya hii sheria yenu. Sasa huyu wake iko ndani ya terrain, anacheza mupira. Donc hii goli haiko."

Prefe alikuwa mtu wa haki, na alikuwa amelisoma agizo, jambo ambalo Kimenyi hakulitarajia. Akamwita mfungaji. "Useme kweli, kijana. Kama ni baba yako, goli linafutwa. Huyu ni baba yako?"

Niyonshuti aliwatazama wenzake kumi na mmoja, wamesimama wakihema, mikono kiunoni. Kisha akamtazama Kimenyi. Hakutabasamu.

"Hapana, mkubwa. Ni kocha."

"Karekezi," alisema Kimenyi, "mwambie."

"Kamati ilishaamua, mkuu," alisema Karekezi kwa heshima. "Kura tatu kwa sifuri. Na filimbi bado."

Kimenyi akamgeukia Connie. Connie aliendelea kula sambaza, kama inavyompasa mtu ambaye ushahidi wake ni wa upande mmoja.

Prefe akatikisa kichwa. Alisema amewahi kuona watu wakidai mashamba ya watu, hata ng'ombe wa watu, lakini mtu mzima kudai mtoto wa watu kwa sababu kafunga goli, hiyo ni mpya. Akaamuru goli lihesabiwe, mechi iishie hapo, na mzazi halisi aje apigwe picha na kombe.

Wale kumi na mmoja wakaenda kumleta Mukabalisa kwa mkono. Niyonshuti akashika mkono wa pili. Mukabalisa hakuwa na pa kuweka beseni lake, akamkabidhi mtu wa karibu mwenye suti aliyesimama bure, na mpiga picha akamwomba mtu huyo asogee kidogo, kivuli chake kilikuwa kinaingia kwenye picha.