Sura ya Tatu Ambayo Haipo

Jumatatu, 3 Machi
Bwana Theis, bosi wetu hapa benki, amenibana kwenye mashine ya kahawa. Masomo yangu ya sheria za fedha za Ulaya yanaendaje? Mwezi Juni kiti cha mkuu wa kitengo kitakuwa wazi. Nikasema tasnifu imefika sura ya tatu. Haina hata sura ya kwanza. Mireille Goedert alikuwa anasikia. Tunafanya kazi ofisi moja, na Ijumaa na Jumamosi tunasoma darasa moja. Akasema, "Sura ya tatu, Fernand? Hongera, ndugu yangu. Mimi bado nahangaika na ya kwanza." Alimaanisha nini?

Jumanne, 4 Machi
Mpango. Nimempelekea Profesa Lambrecht, msimamizi wangu, mada nzito ambayo hakuna atakayethubutu kuniuliza habari zake: wajibu wa benki mama pale tawi lake la nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya linapofilisika. Amejibu baada ya dakika kumi na moja. Amefurahi mno. Sheria ya jambo hilo alishiriki kuiandika. Jumamosi nizungumze mbele ya darasa, dakika ishirini.
Sina hata ukurasa mmoja.

Jumatano, 5 Machi
Nimepoteza sauti. Yaani nimeamua kuipoteza. Ofisini nilinong'ona kutwa nzima ili mashahidi wawepo. Mireille kaniletea supu ya maharage kwenye chupa ya chai. Kwa nini? Nyumbani nikaendelea, nisije nikasahau. Mke wangu Josiane akaniuliza, "We baba, humu ndani unamnong'oneza nani?" Nikamnong'oneza kwamba nafanya mazoezi.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Mireille amejitolea kunisomea hotuba yangu. Bwana Theis ameona ni wazo zuri. Nimkabidhi tu karatasi. Karatasi zipi? Sauti ikarudi palepale, nzito kuliko mwanzo. Bwana Theis kashangaa. Akasema kupona namna hiyo hajawahi kuona, na Jumamosi atakuja mwenyewe kunisikiliza.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeisoma sheria ndani ya tramu, treni ya mjini, kutoka mwisho wa njia hadi mwisho mwingine, mara nne. Ibara ya kwanza nimeielewa. Ya pili ina tafsiri za maneno, na kila tafsiri inanirudisha kwenye sheria nyingine. Abiria mmoja, bibi kizee, aliniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimezungumza dakika nne. Profesa akauliza: tawi likianguka, nani anaamua? Nikasema suala hilo ni tata. Tata kivipi? Kwa namna nyingi, nikasema. Bwana Theis, mstari wa tatu, akafunga kalamu yake. Ndipo Mireille akanyoosha mkono, akauliza swali refu ambalo ndani yake mlikuwa na jibu lote. Nilichotakiwa ni kuitikia tu. Nikasema sikubaliani naye.
Baadaye ukumbini profesa akaniambia taratibu, "Bwana Weydert, hujasoma." Nikakiri. Kifua kikawa chepesi ghafla, kama nimetua gunia. Akasema hanifukuzi. Kila Ijumaa nimletee ukurasa mmoja tu, ila uwe wangu na uwe wa kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Kiti cha Juni amepewa Mireille. Amekuja mezani kwangu kabla tangazo halijabandikwa. Akasema, "Tusome pamoja, Fernand. Jumanne na Alhamisi baada ya kazi. Peke yangu naogopa." Kumbe naye anaogopa. Wiki nzima nilidhani ananichimba. Nusura nilie. Nikakubali.

Alhamisi, 13 Machi
Sikwenda kusoma na Mireille. Nilikuwa na shughuli: nimejiandikisha kozi nyingine, ya sheria ya kodi, inayoanza Aprili. Bwana Theis nimeshamwarifu. Amefunga tena kalamu yake, nadhani ni heshima. Mtu anayesoma kozi mbili kwa mpigo, nani atakuwa na roho ya kumuuliza kafika wapi na ya kwanza? Leo ndiyo mara ya kwanza wiki hii nitalala bila wasiwasi.