Mdudu Chini ya Mkeka wa Mzee Amri

Ijumaa, 5 Aprili 1946. Biharamulo.

Leo nimejua kwa nini Waingereza wanatutawala. Si bunduki. Ni wadudu.

Aliyenifungua macho ni Theonest, aliyerudi jeshini mwezi uliopita. Huko Nairobi alikuwa akifagia ofisi za maofisa wa simu, na Kiingereza chao kimemwingia. Anasema wana kitu kinaitwa "bug". Maana yake mdudu. Huwekwa chini ya meza, husikiliza maneno yote ya chumbani, kisha humfikishia bwana wake. Nikaiacha chai, nikamwambia anieleze tena.

Nina haja kubwa na mdudu huyo. Shangazi Pili amenipelekea posa kwa Mzee Amri, mfanyabiashara wa ngozi, nimwoe binti yake Arafa. Habibu naye amepeleka yake. Habibu ana baiskeli. Mzee hajajibu, na kila alasiri hushauriana na mkewe ukumbini. Laiti ningesikia.

Jumamosi, 6 Aprili.

Nimekamata mende mkubwa nyuma ya magunia ya chumvi dukani kwangu. Nimemtia katika kijisanduku cha kiberiti, nikatoboa matundu apate hewa. Nikaenda kumwamkia Mzee Amri. Alipogeuka kuagiza kahawa, nikasukuma kiberiti chini ya mkeka. Mimi, mtu wa Biharamulo, kufanya kazi ya wakubwa wa London!

Jumapili, 7 Aprili.

Nimekwenda kusalimia tena. Kiberiti nimekitoa salama. Njiani nikakiweka sikioni. Wallahi, mende anasema. Anakwaruza, ananyamaza, anakwaruza tena, kama mtu anayesimulia jambo refu. Ila sikuelewa hata neno. Nimempelekea Theonest. Amesikiliza kwa makini, akasema si Kiingereza, wala si Kisubi cha kwao.

Jumatatu, 8 Aprili.

Theonest amenipa neno jingine. "Eavesdrop." Nusu yake ni ukingo wa paa, nusu ni tone. Mtu husimama pale maji ya paa yanapodondokea, akasikia ya ndani. Hakuna chombo. Hakuna mdudu. Nyumba yenyewe inakuwa sikio. Nilikaa mlangoni mwa duka nikitazama mapaa ya mji mzima, mpaka lile la boma kule juu, nikaona yote yananisikiliza. Wateja nimewahudumia kwa kunong'ona.

Jumatano, 10 Aprili.

Mvua kubwa alasiri. Neno linataka matone, na matone yapo. Nikaenda nyuma ya nyumba ya Mzee Amri, nikasimama hasa pale maji yanapomwagika, kama neno linavyoagiza.

Nikasikia kila kitu. Mkewe, Bi Mwanamvua, alikuwa akiisifu baiskeli ya Habibu. Mzee akamkatiza taratibu.

"Habibu anajua habari za kila nyumba. Mimi namtaka Salum. Yule hata mambo yake mwenyewe hayajui, sembuse ya watu."

Sijapata kusifiwa hivyo maishani. Machozi yalinitoka. Kisha chafya.

Dirisha likafunguka. Nikasema shikamoo. Mzee akaitikia marahaba. Nikamweleza kwamba najikinga mvua.

"Unajikinga kwa kusimama inapomwagika?"

Nyuma yake nilimwona Arafa, ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Sijui alikuwa akilia au akicheka. Nimeamua alikuwa akilia.

Alhamisi, 11 Aprili.

Homa. Shangazi Pili ametoka kwa Mzee Amri. Kwanza amenigombeza, halafu ndipo akanipa uji. Posa haijakataliwa. Mzee atangoja mpaka Ramadhani, aone kama masikio yangu yametulia. Likitokea jambo jingine, Arafa ni wa Habibu. Nimeapa mbele ya shangazi. Sitasimama tena dirishani mwa mtu.

Jumamosi, 13 Aprili.

Theonest amekuja kunijulia hali. Amekumbuka neno la mwisho, na kubwa kuliko yote: "plant". Maana yake mmea. Anasema Waingereza huupenyeza nyumbani mwa mtu, ukakaa pale siku zote, na hakuna anayeushuku. Subhanallah. Mmea unaosikiliza! Watu hawa wamefika wapi?

Nimeng'oa chipukizi la mgomba, zuri, lenye mizizi mizima. Kesho nampelekea Bi Mwanamvua kumwomba radhi, na nitamsihi alipande karibu na dirisha la ukumbi. Kiapo changu kiko palepale. Mzee alitaja masikio. Migomba hakuitaja.