Kengele Tupu za Bibi Effie

Jumatatu, 29 Desemba

Mkaguzi wa manispaa anapita mji wetu wote wa Wick wiki ijayo. Sheria gani hii! Kila nyumba ya kupangisha iwe na kengele za moshi sebuleni, ukumbini na jikoni, tena zimeunganishwa, ikilia moja zilie zote. La sivyo nanyang'anywa kibali. Fundi umeme kanitajia bei, nikatafuta kiti. Lakini akili ninayo. Nimeokota makasha matatu ya kengele mbovu jalalani. Ndani tupu, hata waya hakuna. Nani atapanda ngazi kuchungulia?

Jumanne, 30 Desemba

Nimeyagundisha darini kwa Bibi Effie, mpangaji wangu wa juu. Kaniuliza, mwanangu, hizi zitaniamsha kweli? Maana mguu wake mbovu na pua hainusi tena. Nikamwambia alale fofofo. Kanipa chai na keki. Roho ilinisuta kidogo. Keki ilikuwa tamu.

Alhamisi, 1 Januari

Balaa. Nilisahau mila ya kwao Bibi Effie milimani. Asubuhi ya mwaka mpya hufunga madirisha na kufukiza nyumba kwa matawi ya mreteni mpaka kila mtu akohoe. Moshi ukashuka ngazi. Nikapanda mbio kumzuia. Kengele zikikaa kimya kwenye moshi ule, nimeumbuka.

Hazikukaa kimya. Ilianza ya sebuleni, zikafuata zote, kama sheria inavyotaka. Nikabandua moja. Tupu. Inalia mkononi mwangu.

Bibi Effie wala hakushtuka. Akasema huyo ni Hector, marehemu mumewe, alikuwa mzimamoto. Akamwambia, basi Hector, nimesikia. Zikanyamaza zote. Kisha akaniambia, mwanangu, amekuona ulivyogundisha.

Nimeshuka mbio. Nimempigia fundi aje kesho.

Ijumaa, 2 Januari

Nimewaza vizuri. Kama marehemu anafanya kazi bure, fundi wa nini? Nimemwambia asije. Hata kengele nzima ya chumbani kwangu nimeing'oa, nimemuuzia jirani.

Tangu giza liingie kitu kinalia darini, pale palipobaki tundu. Panya, bila shaka. Nimesema kwa sauti, basi Hector, nimesikia. Hanyamazi. Nimejifunika blanketi. Na moshi huu! Bibi Effie tena na mreteni wake. Chipsi zangu jikoni lazima zimeshaiva, ila kitanda kina joto. Nitazitazama baadaye.