Ghala la Programu Lililosafiri Mafinga

Jumatatu, 9 Juni

Baridi kali hapa Ipogolo, Iringa. Ukungu mpaka saa nne.

Leo Mama Veneranda, meneja wa redio yetu, ametangaza kwamba mwisho wa mwezi atateua mkuu wa kitengo cha ufundi. Kitengo kina watu wawili. Mimi, niliyekuwepo tangu mnara unasimikwa. Na Tusajigwe, dada aliyetoka Mbeya mwaka jana, anayependwa na kila mtu kwa sababu anajua kusalimia.

Nimefikiri mchana kutwa.

Niuandike mpango ukiwa bado moto. Kompyuta zetu za studio hazichukui programu hovyo. Unaandika amri, mashine inafungua faili dogo la mipangilio, inasoma humo anwani ya ghala, kisha inakwenda huko kwa mtandao kuchota programu uliyoitaka. Watu wote wanaangalia programu. Hakuna anayeangalia anwani.

Kesho anwani itabadilika.

Jumanne, 10 Juni

Imekamilika. Kompyuta yangu ya mkononi sasa ndiyo ghala. Nimenakili humo programu zote tunazohitaji. Kwenye kila mashine ya studio nimefuta anwani ya ghala kuu, nikaandika ya kwangu. Hata mashine ya akiba iliyoko kabatini. Ghala nimeliita kwa jina lilelile la ghala kuu, mtu asishtuke.

Yaani kuanzia leo, mimi nisipokuwepo, hakuna programu inayoingia redioni.

Tusajigwe akaniuliza kwa upole nafanya nini. Nikamjibu ni usafi wa mfumo. Akaniletea chai. Niliiacha nusu. Anatafuta kitu.

Jumatano, 11 Juni

Siku njema. Ambrosi, mtangazaji wetu wa asubuhi, alitaka programu ya kusafisha sauti. Tusajigwe alihangaika nayo kabla sijafika, mashine ikamgomea. Akasema labda ni mtandao. Nikaingia, nikafungua kompyuta yangu, nikaandika amri moja. Programu ikaingia.

Mama Veneranda alisimama mlangoni akasema, “Kumbe bila Liberatus hatuwezi.” Nimeyaandika kama yalivyotoka.

Basi nikapiga hesabu. Ikiwa kuchelewa kidogo kumeleta maneno hayo, siku mbili zitaleta cheo chenyewe. Nimeomba ruhusa niende Mafinga kwa Timotheo seremala, kukagua kitanda nilichoagiza. Si uongo. Kitanda kipo. Simu nimeizima hapahapa, wasije wakaniuliza nikawajibu kwa bahati mbaya.

Alhamisi, 12 Juni

Mafinga. Kila kitu kinanukia mbao za paini. Kitanda kina miguu mitatu, Timotheo anasema wa nne uko njiani.

Redio ya karakana ilikuwa inashika kituo chetu. Kabla ya mchana ikanyamaza. Mvumo tu. Timotheo akaipiga kofi, akageuza antena, akaipiga tena. Nikamwambia aiache, redio yake ni nzima.

Nilijua mara moja. Mashine kuu ya studio inaumwa siku nyingi, leo imekufa. Wametoa ya akiba. Ya akiba haina programu ya kurushia matangazo, na siku hizi kwetu kila kitu kinapita humo, maikrofoni, nyimbo, salamu, misiba. Wanaiamuru ilete programu. Inalitafuta ghala. Ghala liko chini ya mto wangu wa kulalia, Mafinga.

Nikala chipsi kuku. Sikuwa na haraka.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi bado kimya. Nikaanza kuwaonea huruma, lakini kidogo.

Kisha likatokea jambo. Gari la Saulo likasimama mbele ya karakana. Saulo ni mtoto wa mjomba Yotamu wa Ilula, aliyenilea baada ya baba kufariki. Tumekula sahani moja mimi na Saulo. Sasa anaishi Mbeya, na kitanda hiki nilikuwa nimemweleza. Alishuka na koti jeusi. Nikaelewa papo hapo: Mama Veneranda ameshindwa, sasa anatumia ndugu.

Nikajibanza nyuma ya rundo la mbao. Timotheo alikuwa ameenda kununua misumari. Saulo aliniita, akaniita tena. Sauti yake ilikuwa nzito. Nikajua ni mafua, Mbeya kuna baridi. Akasubiri muda mrefu ndani ya gari, kisha akaondoka kuelekea Iringa.

Saa tisa alasiri redio ikarudi. Ambrosi aliomba radhi kwa hitilafu, akasema kuna matangazo yaliyochelewa tangu jana. La kwanza alilisoma polepole.

“Familia ya mzee Yotamu wa Ilula inasikitika kutangaza kifo chake kilichotokea usiku wa Jumatano. Maziko ni Ijumaa saa nane mchana. Habari ziwafikie ndugu wote, na zimfikie Liberatus aliyeko Mafinga, ambaye simu yake haipatikani. Liberatus, unasubiriwa.”

Timotheo alizima randa ya umeme. Nami nikabaki nimesimama na kipande cha msasa mkononi.

Jumamosi, 14 Juni

Ilula. Nilifika jana giza linaingia. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, maua juu yake yameanza kulala kwa baridi.

Mama Frida, mke wa mjomba, alinishika mkono akaniketisha. Alisema, “Tulikungoja, mwanangu. Jeneza lilikaa kanisani mpaka mchungaji akasema basi.” Kwamba mjomba aliniulizia Jumatano jioni. Kwamba yeye mwenyewe alipeleka tangazo redioni, akijua popote nilipo naisikiliza. Saulo hakunitazama. Leo alfajiri amerudi Mbeya bila kuniaga.

Nimekaa kwenye mkeka wa msiba. Mjomba alinifundisha kuendesha baiskeli, alikuwa akikimbia nyuma ameshika kiti. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo.

Tusajigwe alikuja kutoa pole kwa niaba ya redio. Akanivuta pembeni. Alidhani mtandao umekatika, akapanda mpaka mnarani, akashuka, akahangaika na nyaya hadi Ijumaa mchana, ndipo alipofungua lile faili akaona anwani ya ghala ni kompyuta yangu. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

“Kaka Liberatus, niliitaja anwani ya ghala kuu ndani ya amri yenyewe, kwa mara ile moja. Faili lako sijaligusa. Sijamwambia mtu. Lirekebishe mwenyewe kabla Mama Veneranda hajaliona.”

Nikamshukuru. Kisha nikaanza kufikiri.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi kazini, na faili sikulirekebisha. Nimelipima suala hili pande zote. Mtu anayekutakia mabaya akikwambia kimbilia huku, unakimbilia kule. Ningelirekebisha, ningekuwa nimekiri. Dada huyu ni hodari kuliko nilivyodhani.

Kabla ya saa sita mashine ya Ambrosi ikagoma kuchukua programu. Nilikuwa msalani, kompyuta yangu nimeifunga. Mama Veneranda akataka kuona kwa macho yake. Tusajigwe alijaribu kumchelewesha, Ambrosi ndiye aliyenisimulia, lakini Mama akasema fungua. Faili likafunguka. Akalisoma lote, akaniita.

Hakunigombeza. Aliuliza kama ni kweli, nikasema ni usafi wa mfumo. Akaangalia dirishani. Akasema nikabidhi funguo za studio, nikae nyumbani niomboleze vizuri, na nisirudi. Tusajigwe ndiye mkuu wa kitengo. Alilia alipokuwa anapokea funguo zangu. Kigeugeu.

Jumatano, 18 Juni

Nimechunguza yaliyotokea kwa utulivu, kama fundi. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa watu wa redio, wenye papara.

Mungu hamtupi mtu wake. Aroni, katibu wa chama cha wauza nyanya hapa Ilula, amenikuta msibani akaniomba niwawekee kompyuta. Bei za nyanya, oda za Dar, malori, vyote vitapita humo. Jana na leo nimezifanyia kazi. Mashine safi, zinapendeza. Anwani ya ghala nimeandika ya kwangu.

Aroni si mjinga. Akauliza, je, siku nikisafiri, itakuwaje? Nikamwekea mkono begani, nikamwambia mimi si mtu wa safari.

Keshokutwa alfajiri nakwenda Mbeya kumwomba radhi Saulo. Kompyuta naibeba. Barabarani kuna wezi, na kwenye mkoba itakuwa salama zaidi.