Kiwanda Kinatiwa Ufunguo

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesikia jambo kubwa, na nimelisikia peke yangu. Nilikuwa kaunta naandika stakabadhi ya godoro. Bosi alikuwa ofisini kwake na simu sikioni, mlango wazi. Bosi huyu ni mtoto wa marehemu mzee aliyeanzisha kiwanda. Amesoma ng'ambo, na akizungumza na wakubwa wenzake Kiswahili hakimtoki. Akasema wata-wind up the business. Akarudia. Wind up!

Kiwanda kizima cha magodoro, mwenye Kiingereza ni mimi. Wenzangu wana "good morning" tu, na wanaitumia hata jioni. Basi nikachambua. Wind ni kuzungusha. Up ni juu. Marehemu babu alikuwa na saa ya mezani. Ikisimama, anazungusha ufunguo mgongoni mwake, nayo inaamka tiki-tiki. Hiyo ndiyo wind up. Kiwanda kinatiwa ufunguo! Kinaamshwa! Na kiwanda kikiamka kitataka msimamizi.

Sijamwambia mtu. Nimemwambia mke wangu tu.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kamwambia mdogo wake, yaani shemeji yangu, fundi cherehani hapohapo kiwandani, anayeshona makava ya magodoro. Kabla ya chai kiwanda kizima kinajua. Haidhuru! Nimeitwa kwa mama wa chai nikatoe ufafanuzi. Nikatoa, pamoja na visawe vyake: kuamsha, kufufua, kustawisha, kupandisha. Watu wakapiga makofi.

Aliyenuna ni mmoja tu, mtunza stoo. Tunamwita Hapana, kwa kuwa ndilo jibu lake hata ukimwomba uzi. Akauliza mbona mteja sasa tunamwona kama mwezi mwandamo. Nikamjibu kwamba saa hutiwa ufunguo ikiwa imesimama. Kicheko! Huyu ana husuda. Usimamizi anautaka yeye.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kaja nyumbani jioni. Kumbe fundi wa mapazia wa barabara ya juu amempa nafasi, anataka jibu kesho. Shemeji ni mjane, watoto wake wanasoma, hana wa kumshika mkono ila dada yake na mimi. Akaniuliza, macho kwa macho: "Shemeji, una uhakika?"

Nilisikia uhakika ukinipanda mpaka masikioni. Nikamwambia aachane na mapazia, nikishika usimamizi yeye atakuwa mkuu wa mafundi. Mke wangu akapendekeza tuazime kamusi. Nikamwambia kamusi ni fimbo ya kipofu, mwenye macho ya nini? Shemeji akacheka. Muda mrefu sijamwona akicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amemjibu fundi wa mapazia kwamba haendi. Vizuri.

Nami nimeingia kwa bosi. Nikamwambia, "Bosi, I am very happy for the wind up." Akaweka simu chini taratibu. Akaniambia usingizi umempaa akiwaza atatuambiaje. Akauliza kama wenzangu wanajua. Nikamwambia wanajua, wamefurahi, wamepiga makofi. Bosi akatoa leso! Kumbe wenye mali nao hulia kwa furaha.

Nikaomba kuongoza shughuli. Akakubali papo hapo. Akasema, "Wewe ni mtu wa ajabu sana." Lori litakuja Jumatatu kwa ajili ya mashine. Mashine mpya! Nilitoka humo nikikanyaga hewa.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi! Nimewaamuru mafundi wasogeze cherehani zote za zamani mpaka mlangoni, mpya zipate nafasi. Jasho lilitoka. Mimi nilipuliza filimbi. Hapana hakufika, eti ana shughuli ya kifamilia. Mvivu hakosi udhuru.

Tukazifuta cherehani na kuzitia mafuta, tuziage kwa heshima. Shemeji aliifuta yake, akarudi tena akaifuta. Ameishonea tangu alipofiwa. Nikamwambia asiwe na huzuni, atapata ya umeme. Akasema hii inamjua mguu wake.

Jumatatu, 10 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Lori lilikuja tupu. Nilikuwa na suti yangu ya harusi, watu nimewapanga mstari. Wapagazi wakashuka, wakakuta cherehani ziko mlangoni, safi, wakanishukuru. Wakaanza kupakia. Nikadhani wanaondoa za zamani kwanza. Nikawaelekeza: polepole, hiyo mguu mmoja umelegea! Zikaisha cherehani, wakaingia kwenye meza. Zikaisha meza, wakaweka ngazi ukutani na kushusha kibao chenye jina la kiwanda. 

Bosi akasimama mbele yetu. Akatushukuru kwa kuipokea kiungwana habari ya kufungwa kwa kiwanda. Akanishukuru mimi hasa, kwa kurahisisha. Safari hii Kiswahili kilimtoka, tena fasaha!

Mama wa chai akauliza kama ni kufunga kwa muda. Bosi akashangaa. Akasema si tulielezwa: ni wind up, kampuni inavunjwa, imekwisha. Macho yote yakanigeukia. Ningepata shimo la panya ningeingia, na suti yangu.

Shemeji hakulia. Alikuwa anafumbata kipande cha uzi. Akasema, "Shemeji, ulisema kinatiwa ufunguo. Basi kimetiwa." Akachukua mkasi wake akaenda zake.

Jumanne, 11 Machi

Nimeazima kamusi kwa mwalimu jirani. Wind up: kufunga, kumaliza, kuhitimisha, kuvunja kampuni. Nikaongeza za kwetu wenyewe: kukunja jamvi, kufunga virago, kutia nanga. Mwisho ni mmoja, majina kibao, na kila jina linanitazama mimi.

Lakini chini yake, mstari wa mwisho: kutia saa ufunguo. Sikukosea! Niliruka mistari tu. Nikampelekea mke wangu aone kwa macho yake. Hakutazama. Alinifunikia chakula, akaenda kula kwa mdogo wake.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa mapazia kumwombea shemeji. Nafasi imejazwa. Aliyekaa kwenye cherehani ni mke wa Hapana. Ameanza Ijumaa. Ndiyo ile shughuli ya kifamilia!

Hapana mwenyewe nilimkuta nje akimsubiri mkewe. Nikamuuliza Kiingereza alijifunza wapi, na kwa nini alituficha. Akasema hajui hata neno moja. "Nilichokijua ni kwamba wewe una furaha," akasema. Wala hakucheka. Heri angecheka.

Shemeji sasa anafua nguo za watu. Vidole vilivyozoea sindano vimechubuka kwa sabuni. Mke wangu anazungumza nami kupitia watoto: mwambieni baba yenu asogeze kiti. Nimesogeza. Hakuna aliyekaa.

Jumatano, 19 Machi

Kumekucha! Juzi nilifanya usaili kwenye kampuni moja ya usafirishaji, kazi ya kusimamia ghala. Waliniuliza kwa Kiingereza, nikawajibu kwa Kiingereza mpaka wakaacha kuandika, wakawa wananitazama tu. Kamusi nimeirudisha kwa mwenyewe.

Leo wamepiga simu. Dada mmoja, sauti laini. Akasema unfortunately, yaani kwa bahati mbaya, hilo ni la adabu tu, halafu akasema they have decided to turn me down. Nikachambua palepale. Turn ni kugeuza. Down ni chini. Hata redio huanzia chini, kisha ndiyo unaipandisha. Wananianzisha chini! Watu wenye utaratibu. Nikamshukuru, nikamshukuru tena, mpaka akakata simu.

Nimekwenda mbio kwa shemeji. Nimemkuta ameinamia beseni, povu mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia aache kufua mara moja, awarudishie watu nguo zao, nikishaingia naye nitamwingiza.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Shemeji, nenda nyumbani."

Maskini, furaha imemzidi. Kesho asubuhi naripoti kazini.