Kidole cha Brigadier Sadiki na Sabuni Iliyokuwa Kizuizini

Nyamazeni, enyi wachuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, na wapiga kasia wa mji wa Baraka! Zimeni redio, wekeni vikombe chini, na mwenye kikohozi akimalize sasa. Maana nawaletea habari za vita ambavyo babu zenu hawakuviona wala kuviota: vita vya kidole kimoja cha shahada, cha mkono wa kuume, cha Brigadier Sadiki, Mshika-Wezi, Mpekua-Mifuko, simba wa kituo cha polisi kilicho nyuma ya soko.

Ilikuwa siku ya soko, jua likianza kuchoma, Sadiki alipomtia mbaroni Patrice, tabibu asiye na shule, aliyezunguka akiwadunga watu dawa ya mgongo, sindano moja kwa migongo yote. Akamfikisha kituoni kwa shangwe. Na kwa kuwa desturi ya kituo kile tangu enzi ni mkono kwanza, swali baadaye, shujaa alitumbukiza mkono mtupu katika mfuko wa koti la mateka wake. Msiseme glavu hazikuwapo. Zililetwa kasha zima mwaka jana, pamoja na mafunzo ya siku mbili, lakini Adjudant Norbert, naibu wa mkuu wa kituo, mkubwa wa mabrigadier wote, alizitunza kwa ajili ya sikukuu.

Basi adui akauma. Sindano ikapenya ncha ya kidole, na tone la damu, dogo kuliko mbegu ya mchicha, likachungulia dunia. Sadiki, aliyewahi kusimama mbele ya risasi huko milimani bila kupepesa jicho, alikikodolea macho kidole chake. Alimfikiria Yasmina, mkewe, mwenye mimba ya miezi sita. Aliogopa UKIMWI, jamani, aliogopa kweli.

Norbert, Mlinzi wa Mihuri, alipoliona tone lile aliinuka kwa kishindo, akanena:

"Mutu asitikisike! Damu ya polisi imemwangika! Hii sindano iko chini ya ulinzi. Iingie mu rejista: jina, baba, mama, kisha ifungwe mu kasho! Na we Sadiki, hautoke hapa mbele ya pévé, ile ripoti, kuandikwa mara tatu, na chef asaini, aweke sinyatire."

"Mon adjudant, chef iko Fizi mpaka kesho kutwa," akalia Sadiki. "Na sindano iko na baba gani?"

"Andika: hajulikani."

Shujaa, kwa kukata tamaa, akapeleka kidole kinywani akinyonye. Hapo ndipo alipoinuka Brigadier Georgette, ambaye peke yake hakusinzia katika mafunzo yale, akanguruma hata mijusi wakahama ukutani:

"Toa kidole mu kinywa, we! Usinyonye, usikamue! Ni maji na sabuni, mingi, halafu hospitali leo-leo. Kuko dawa, lakini inafaa uianze mbele ya siku tatu kwisha, na kila saa inapita inakuibia. Pévé itangoja. Damu haingoje!"

Maji yalikuwapo, dumu tele. Lakini sabuni? Walipekua droo, wakapekua kasho, wakapekua hata kofia. Kisha macho yote yakapanda polepole hadi juu ya kabati. Pale ulilala mche mzima wa sabuni, umefungwa kamba, umepigwa lakiri nyekundu, una kibandiko: Kielelezo namba nne. Uliibwa mezani pa Mama Waridi, muuza sabuni wa sokoni, miezi mitatu iliyopita. Mwizi alitoroka kwa dirisha, na sabuni, kwa kukosa miguu, ikabaki kizuizini. Kila siku ya soko Waridi alikuja kuidai, na kila siku ya soko Norbert alimjibu kwamba upelelezi unaendelea.

"Haiguswe!" Norbert akatandaza mikono mbele ya kabati. "Mutu akivunja ile lakiri, amevunja Republika!"

Lakini kwenye benchi la walalamikaji, siku hiyo kama siku zote, alikuwa ameketi Waridi mwenyewe. Akasimama, akakaza kanga kiunoni, akahutubia:

"Miye Waridi nasema mbele ya Mungu na mbele ya huyu Patrice, docteur wa bongo, muongo: ile sabuni iko ya kwangu. Munaifunga miezi tatu, na haijaiba kitu. Leo naitoa mimi. Baba Sadiki, vunja! Yasmina ananunuaka kwangu kila juma. Nitamuangalia na macho gani?"

Sadiki hakuwahi kuvunja amri maishani mwake. Jasho lilimtoka. "Mon adjudant, nisamehe," akasema kwa sauti ndogo. "Kesho utanifunga." Akampita Norbert chini ya kwapa, akautwaa mche kwa mkono wa kushoto, akaupiga ukingoni mwa meza. Lakiri ikapasuka. Republika ikabaki imesimama.

Georgette akamimina, Sadiki akasugua, povu likainuka jeupe na kuteremka na dhambi zote za mfuko wa Patrice. Mikono ya Georgette ilipochoka, aliyelipokea dumu alikuwa Norbert. Ndipo likashushwa kasha la njano la kutupia sindano, ambamo mihuri ya Norbert ilikuwa imepanga chumba kwa mwaka mzima. Mihuri ikafukuzwa, na sindano ikaingia bila kutaja jina la baba.

"Hata miye munipeleke hospitali," Patrice akanong'ona. "Ile sindano najidungaka nayo."

Kabla ya adhuhuri Sadiki alikuwa amemeza kidonge cha kwanza hospitalini. Jioni alimweleza Yasmina mwenyewe, naye akalia, kisha akamhesabia vidonge siku zote ishirini na nane, na masharti yote waliyafuata, hata yale ya kitandani. Miezi mitatu baadaye, juma lile Yasmina alipojifungua binti, hospitali ilitoa jibu la mwisho: damu ni safi. Sadiki alilia mbele ya watu, wala hakuona haya.

Tangu siku hiyo kituoni pale mtuhumiwa hutoa mwenyewe vya mfukoni mwake, kimoja kimoja, mezani, na glavu huvaliwa hata siku isiyo sikukuu. Mche wa Waridi ulikaa kando ya ndoo, na kibandiko chake, ukipungua kila siku hadi ukawa kama ukucha, kisha ukaisha. Norbert akafungua rejista, akachovya kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa sherehe: "Kielelezo namba nne: kimefariki kazini."