Ombi la Kumpiga Marufuku Dada Yangu Asikumbuke

Sleiman, Duka la Vipuri
Avenue ya 12, Buyenzi
Alhamisi, 11 Machi 2004

Kwa Bwana Hamimu,
Mwenyekiti wa Kamati ya Maridhiano ya mtaa wetu

Bwana Mwenyekiti na jirani yangu mpendwa,

Amani ikufikie wewe na nyumba yako, na iifikie kamati yako pia, ambayo tangu ianze kazi imetusahaulisha mambo mengi kwa muda mfupi. Mimi ni Sleiman, muuza vipuri vya magari, mwenye duka la mlango wa buluu. Najua unanifahamu, maana tunapeana salamu kila alfajiri, lakini nimeambiwa kwamba malalamiko rasmi hayasomwi kama mlalamikaji hakujitambulisha.

Nalalamika dhidi ya dada yangu wa tumbo moja, Tahani, mwenye umri wa miaka thelathini na sita. Kosa lake ni kwamba anakumbuka.

Utasema kila mtu anakumbuka. Ni kweli, lakini sisi wengine tunakumbuka kwa adabu. Tunakumbuka yaliyotupendeza, tena tukiombwa. Tahani anakumbuka yote yaliyopita mbele yake, na tarehe zake, halafu anayasema kwa sauti ileile anayotumia kuagiza vitunguu. Daktari mmoja mgeni anayekaa Kinindo aliwahi kuja dukani kutafuta mkanda wa feni, akazungumza naye nusu saa, kisha akaniandikia neno kwenye boksi la plagi: autisme. Alinieleza kwamba ndivyo Tahani alivyozaliwa, kwamba si mpungufu wa akili, ila akili yake ina namna yake ya kuhifadhi. Vitu vidogo vidogo inavishika barabara, na ule uzi wa kuviunganisha ndio unaomponyoka. Alisema nisimuulize ilikuwaje, nimuulize kitu kimoja, halafu kingine. Nilimshukuru sana, nikampa mkanda wake, nikasahau maneno yake siku hiyohiyo kama mtu mzima na akili zake.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Dukani. Nina vipuri zaidi ya elfu moja, na hakuna hata kimoja chenye kibandiko, kwa sababu Tahani anajua kila kimoja kiko wapi. Hilo silalamikii. Nalalamika kwamba anajua pia kilitoka wapi. Bwana Mwenyekiti, wewe ni mtu mzima, unaelewa kwamba katika vita hivi kipuri nacho ni mkimbizi, na si heshima kumuuliza mkimbizi alikotoka. Mwezi uliopita alikuja mteja wa heshima na Corolla yake kutafuta taa ya nyuma. Tahani akamletea, akamwambia mbele ya watu: “Hii ni yako. Angalia hapa, huu mukwaruzo uliufanya kwa ukuta ya musikiti, mwaka wa tisini na mbili.” Mteja aliitazama taa yake kwa muda mrefu. Alitoka nayo bila kuaga, nami sikuthubutu kumwita.

2. Sura za watu. Mtu anayekumbuka mkwaruzo wa miaka kumi na miwili, Bwana Mwenyekiti, hakumbuki uso wa mtu aliyekuja jana. Binamu yetu Talal wa Gihosha alinyoa ndevu kabla ya Idi, na Tahani akakataa katakata kumfungulia. Talal alikula pilau yake mlangoni, amekaa juu ya ndoo. Wateja wetu Tahani huwajua kwa magari yao. Wewe mwenyewe, nisamehe, kwake ni pikapu nyeupe yenye nambari inayoishia na 417, na ukija kwa miguu wewe ni mgeni. Naona hapa pana uonevu. Mtu asiyekumbuka uso wa mwenzake hana haki ya kukumbuka alichofanya.

3. Mambo ya baadaye. Ukimwambia Tahani atoe maziwa motoni baada ya muda kidogo, maziwa yatageuka mkaa, na sufuria itageuka mkaa. Tumeshazika sufuria tano. Yaliyopita anayo yote, lakini neno “baadaye” halishiki hata kidogo. Mke wangu Nafisa amegundua kwamba lazima kila kitu kifungwe kwenye kitu kingine: “Ukisikia adhana, toa maziwa.” Hapo anatoa. Adhana ikichelewa, maziwa ndiyo basi.

4. Lalamiko hili nimelifuta. Tahani alipita nyuma yangu, akalisoma, akanisahihisha siku na tarehe, na baada ya masahihisho hayo ikaonekana mwenye kosa ni mimi.

5. Mkutano wa kamati. Hili unalijua, lakini naliandika ili liwe kwenye faili. Tarehe 22 Februari ulisimama mbele ya mtaa mzima ukasema maneno mazuri sana, kwamba sisi wa hapa, wakati jirani zetu walipokimbia, hatukugusa hata kijiko cha mtu. Watu walipiga makofi. Jirani yetu Astère, aliyerudi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, mwezi wa kwanza akakuta nyumba yake imebaki kuta, naye alipiga makofi, kwa upole. Ndipo Tahani akasema, bila kuinuka: “Apana. Kijiko sijui. Frigo ya Astère iliingia kwa mwenye pikapu ya nne-moja-saba. Juma tano, tarehe tano mwezi wa kane, tisini na tano. Watu wane waliibeba. Kwa mulango yake kulikuwa kibandiko cha ndizi.”

Nilidhani ardhi itapasuka. Hakusema kwa ubaya, Bwana Mwenyekiti, wallahi, na hakujua kwamba mwenye pikapu ndiye aliyekuwa akihutubia, kwa sababu siku hiyo ulikuja kwa miguu. Wewe ulijibu kwa busara kwamba friji ile uliihifadhi, na nakubali kwamba imehifadhika, kwani mwezi wa Ramadhani uliopita mimi mwenyewe nilinywa maji yake baridi. Lakini jiulize, nchi itapataje amani kama friji zitaanza kutajwa? Leo ni friji, kesho ni milango na mabati, na keshokutwa tutafika kwenye watu.

6. Nasi tumeshafika kwenye watu. Kamati imetugawia karatasi kwa ajili ya tarehe 28 mwezi huu, siku ya kuwaombea waliotutoka wakati wa vita, Waislamu kwa hitima na Wakristo kwa misa. Karatasi ina safu mbili: “Waliofariki” na “Waliosafiri”. Kila nyumba iandike majina yake na kuirudisha kesho, Ijumaa. Nyumba yetu ina jina moja tu. Ni mdogo wetu Tamim, aliyeondoka na Peugeot ya duka Jumanne, tarehe 28 Machi 1995, kumpeleka Astère na watoto wake Uvira wakati risasi zinalia. Astère ametuambia kwamba waliagana mpakani siku ya Alhamisi, na kwamba Tamim aligeuza gari kurudi nyumbani. Hakufika, na gari haikuonekana.

Mama, Mungu amrehemu, alikataza neno “amekufa” lisitajwe katika nyumba yake, basi kwa miaka tisa tumesema amesafiri. Jumatatu nilishika kalamu nikaanza kuliandika jina kwenye safu ya kwanza. Tahani aliivuta karatasi, akasema: “Haiko pale.” Nikahamia ya pili. Akasema: “Na pale haiko.” Nilimuuliza basi aandikwe wapi, akaenda zake kupanga boliti.

Halafu kuna jambo la kanzu. Mwanamke huyu anayesahau maziwa, dawa yake na hata chakula chake, kila Ijumaa asubuhi anaitoa kanzu ya Tamim kabatini, anaipiga pasi, anaitundika mlangoni. Jioni anairudisha. Amefanya hivyo miaka tisa bila kukosa, na kwa nini Ijumaa hatujui. Tulidhani ni kwa ajili ya sala. Mimi ndiye ninayepita chini ya kanzu hiyo kwenda dukani. Nimechoka, Bwana Mwenyekiti, na naandika neno hilo nikiwa na maana yake yote.

Kila mtu hapa mtaani anajua kwamba asubuhi ile nilimsihi Tamim asiende. Nimelisema hata mbele yako. Tahani alikuwepo mlangoni. Sina ninachokiogopa, ila sioni haja ya yeye kuulizwa chochote kuhusu asubuhi ile, na hasa si mbele ya watu tarehe 28.

Kwa sababu hizo naomba kamati itoe amri, yenye muhuri, kama ifuatavyo. Kumbukumbu zote za Tahani kuanzia Oktoba 1993, vita vilipoanza, ziwekewe couvre-feu, zisitoke nje kabisa, kwa kuwa sisi raia tumeishi na couvre-feu miaka mingi na haikutuua. Kumbukumbu itakayolazimika kutoka, kwa mfano mahali ilipo pampu ya maji ya Hilux, ipewe laissez-passer, yaani kibali cha kupita, kutoka kwako. Na tarehe 28 Tahani apelekwe kwa Talal, Gihosha, ambako ndevu zimeshaota na hakutakuwa na tatizo la mlango.

Nakushukuru kwa kuniazima sikio lako. Nisalimie mama watoto, wajumbe wote wa kamati, jirani Astère ukimwona, mafundi wa gereji, na imamu, umwambie ile betri yake imefika. Nafisa anawasalimu. Tahani hasalimu, si kwa kiburi, ni kwamba mpaka aione pikapu.

Wako katika kusahau,
Sleiman

N.B. Bwana Mwenyekiti, barua hii nilikuwa nimeshaikunja. Tahani aliniletea chai, akaiona karatasi yako mezani, akasimama. Nilikuwa karibu kumuuliza lile swali tulilomuuliza miaka tisa, mimi na marehemu mama na kila mgeni: ilikuwaje siku ile? Jibu lake ni lilelile siku zote: “Sijui.” Sijui ni kwa nini yule daktari wa mkanda wa feni alinijia kichwani. Nikamuuliza Tamim alivaa viatu gani.

“Sandali ya kahawia. Ya kushoto ilikatika, akafunga na waya.” Nikamuuliza waya aliutoa wapi. “Kwa sanduku ya spana.” Nani mwingine alikuwepo? “We. Ulisimama kwa mulango.” Basi nikauliza, na sauti yangu sikuipenda, mimi nilisema nini. “Ulisema, ukitoka na hiyo gari usirudi hapa. Ulisema mara mbili. Ya pili ukapiga mulango. Kisha ukaenda musikitini.”

Ni kweli. Hayo ndiyo niliyosema, na sikumsihi. Nimewadanganya wote, na wewe umo.

Nikamuuliza Tamim naye alisema nini. “Kwanza alicheka. Akasema, Sleiman akirudi kutoka musikitini leo, mwambie sijakasirika. Mwambie nafikisha watoto wa Astère tu. Ijumaa niko hapa, tutaenda kusali wote.”

Chai yote ilinimwagikia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka tisa, Tahani, kwa nini hukuniambia? Alinijibu kama ninamuuliza mahali pa boliti: “Ile siku haukurudi kutoka musikitini. Ulirudi Ijumaa, kutoka kwa Hamimu.”

Na hilo ni kweli, Bwana Mwenyekiti. Risasi zilipozidi ulinifungulia lango lako karibu na msikiti, ukanilaza sebuleni siku tatu, ukanigawia chakula cha watoto wako. Tahani anakumbuka hata shuka niliyorudi nimejifunika, ya kijani yenye pindo jeupe, ambayo mimi niliisahau na sikukurudishia. Hakuwa ameitaja kabla ya leo kwa sababu hakuna aliyesema mkutanoni kwamba haikuwepo.

Kwa hiyo naomba amri ile isitolewe. Usijisumbue kuichana barua, ameshaisoma. Tarehe 28 Tahani atakuja, naomba awekewe kiti mbele, na mwenye mtu wake aliyepotea amuulize kitu kimoja, halafu kingine. Mimi nitasema mwenyewe nilichomwambia Tamim, kabla hajaulizwa. Friji ya Astère tunaweza kuibeba wanne, nami nitashika mbele. Shuka yako nitakuletea.

Karatasi ya kamati nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Jina la Tamim nimeliandika katikati, juu ya mstari, na Tahani ameliona, hakuivuta karatasi.

Mwisho nilimuuliza kama anaukumbuka uso wake. Haukumbuki. Mimi ninao wote, nikamweleza: pengo la meno, kovu la nyusi, jinsi jicho moja lilivyofumba akicheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nirudie. Kesho ni Ijumaa. Kanzu nitaipiga pasi mimi.